Mbao Mbili za Korongoni

15 Septemba

Shule zimefunguliwa na mvua imefunguka siku hiyo hiyo, utadhani waliagana. Nusu ya darasa hawakuja. Katika waliokuja, mmoja aliniuliza Kiswahili kitamfaa nini, maana babu yake alikitumia kufokea watu tu. Nikamwambia afungue daftari. Baba yetu, mimi na Zam, alikuwa sajini, na kitu kikubwa alichotuachia ni hicho Kiswahili cha kambini, cha hapana hii na hapana ile. Mimi nilikwenda chuo Kenya nikakiosha. Dada yangu Zam alibaki nacho kama alivyokipokea.

Jioni nilikunywa chai hotelini kwake. Naita hoteli kwa adabu. Ni mabati, nguzo na jiko la mkaa, ukingoni mwa korongo. Korongo lenyewe zamani lilikuwa mfereji ambao mbuzi angeweza kuuruka. Walipoweka lami waliyakusanya maji ya kilima kizima kwenye kalvati moja, wakayatema hapa petu, wakaenda zao. Leo ukisimama ukingoni huoni chini mpaka uiname, na kila mvua linakula. Mimi naliita korongo. Wenzangu wote wanaliita shimo.

Barabara hii ya kutoka Arua mpaka Koboko majina yake yanatokana na ajali. Kuna Taya Pasuka, pale tairi ya basi ilipopasuka. Kuna Ng'ombe Imekufa. Kuna Kona Mbaya, na mbele yake Kona Mbaya Ingine. Sisi bado hatujapata jina. Makonda wanasema "kwa shimo", na Zam linamchoma.

"Siku moja wataita Kwa Zam," aliniambia huku akinipa sambusa. "Utaona, Mwalimu. Kuna watu iko Kampala naota chai yangu."

Ananiita Mwalimu anapotaka kunikejeli. Siku hizi haniiti Hawah kabisa.

18 Septemba

Mvua. Paa la darasa la tano linavuja juu ya ubao, kwa hiyo hakuna ubao.

26 Septemba

Korongo limechukua jiko la Celestina. Celestina ni jirani wa Zam, anauza muhogo wa kukaanga, mwanamke mnene mwenye huruma na mdomo. Alikuwa ametoka kuomba chumvi, akarudi akakuta jiko halipo, ila moshi unapanda kutoka chini. Watu walicheka, na yeye pia alicheka, halafu akakaa chini akalia.

Nilimwomba Zam ahamie ng'ambo ya barabara. Shafiki, mwenyekiti wetu, ana duka huko na kibaraza kirefu, na alishampa nafasi. Zam hakuacha hata kukanda unga.

"Ngambo ile iko mteremko. Lori hapana weza simama. Na kama lori hapana simama, mimi nauza chai kwa nani? Kwa Shafiki?"

Ni kweli kwamba malori ya kwenda Oraba na Sudan Kusini yanaegesha upande wetu, kwenye ardhi tambarare kati ya lami na korongo. Ni kweli pia kwamba Shafiki hatoi kitu bure. Mtu aliyeuza maji ya kunywa msibani, kibaraza chake atakikodisha mpaka kivuli. Lakini heri kodi kuliko korongo.

30 Septemba

Bwana wa barabara, mhandisi wa serikali, amekuja kutoka Arua na viatu visivyo na tope. Alipiga mguu ukingoni, akasikiliza, kama daktari anavyogonga tumbo. Akasema mvua peke yake haina haraka hivi. Kinachokata ardhi ni uzito wa malori. Yasisimame tena. Ukuta utajengwa mvua zikiisha. Kibao cha onyo tuweke wenyewe.

Tukakaa mkutano mbele ya duka la Shafiki. Kuhusu kibao hapakuwa na ubishi; ubishi ulikuwa kuhusu neno. Mimi nilisema liandikwe USISIMAME. Wakaangua kicheko.

"Usi-nini?" Loro, fundi wetu wa kuandika kuta za maduka, alijaribu kulitamka likamshinda. "Mwalimu, hii Swahili yako iko na mifupa mingi. Mutu naendesha lori, atasoma saa ngapi?"

"Ni neno moja tu," nikasema.

"Andika hapana simama," Shafiki akakata. "Kila mutu najua hapana simama."

Nikasema hapana simama ni Kiswahili kibovu. Hapo Zam, aliyenuna tangu mwanzo wa mkutano, akainua kichwa. "Hiyo ni Swahili ya Baba," alisema. "Baba alikuwa mubovu?"

Watu wakanitazama. Nikawaachia neno lao. Lakini nyumbani nilichemka mpaka usingizi ukagoma. Kijiji kizima kinaogopa kiambishi.

3 Oktoba

Loro amesimamisha kibao. Hakupata ubao mrefu, akatumia mbao mbili juu ya nguzo moja: wa juu HAPANA, wa chini SIMAMA. Rangi nyeusi ilikuwa kidogo, kwa hiyo HAPANA ni jembamba na limekauka kauka. Nyekundu ilikuwepo tele, kwa hiyo SIMAMA ni nene kama ng'ombe. Nguzo wameizungushia saruji. Shafiki alipiga picha akiwa ameishika, kana kwamba ameizaa.

10 Oktoba

Malori hayasimami. Yanapita yakipiga honi, na Zam anayatazama kama mtu aliyeachwa. Celestina ameanza kula muhogo wake mwenyewe. Leo nilipofika hakuna aliyenisalimu, na chai nililetewa baridi. Eti Mwalimu ndiye aliyemwita bwana wa barabara. Sikumwita. Lakini sikukana, maana ningejua namba yake ningemwita.

Mkopeshaji wa chuki hachelewi kupata mteja hapa kwetu.

14 Oktoba

HAPANA halipo.

Ubao wa juu umeng'olewa, umebaki SIMAMA peke yake, nyekundu, juu ya nguzo. Asubuhi hii nimelipita mara mbili nisiamini. Ningekuwa na tabia ya kucheka ningecheka, maana kama wangeandika USISIMAME, mwizi asingepata pa kukata. Neno langu lilikuwa na mifupa. La kwao walilijenga kwa vipande viwili, mtu akabeba kimoja.

Namjua mtu huyo. Nani anauza soda, vocha, betri na sigara kwa madereva? Nilivuka nikamkuta Shafiki anapanga sabuni. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba mwenyekiti anayeuza roho za watu wake kwa soda ni heri tusiwe na mwenyekiti. Nikamwambia akishampeleka dada yangu shimoni, kibaraza chake atamkodishia maiti.

Alitazama ng'ambo ya barabara, kisha akanitazama mimi. "Umemaliza, Mwalimu?" akauliza.

Nikasema bado. Akaendelea kupanga sabuni. Unafiki wa mtu huyu una utulivu wa ajabu.

17 Oktoba

Malori yamerudi, na zaidi ya mwanzo. Simama, watu wa huku wanalijua toka vizuizi vya vita. Ni neno la mwenye bunduki. Mtu akiliona mguu unakanyaga breki kabla kichwa hakijauliza. Wanasimama, wanatoa vitambulisho dirishani, hawaoni askari, wanaona Zam na sinia la sambusa. Zam anacheka mpaka anashika mbavu. "Serikali nasaidia mimi," anasema.

Ananisemesha tena. Ameniwekea kiti cha heshima kwenye benchi jipya. Nikauliza ametoa wapi mbao. Akasema Mungu akifunga mlango anaacha dirisha. Nimesahihisha madaftari pale mpaka jua likashuka. Chai ilikuwa moto, yenye tangawizi, na nilimsema Shafiki mpaka nikashiba. Zam alinisikiliza, akaniongezea sukari.

Nimempigia simu bwana wa barabara. Haipokelewi.

20 Oktoba

Nimeandika HAPANA kwenye boksi la sabuni nikalifunga juu ya nguzo. Mvua ililila kabla ya chai ya saa nne. Loro anasema rangi imekwisha. Nilipoanza kuutikisa ubao wa SIMAMA niung'oe, Zam alitoka na mwiko mkononi.

"Mwalimu, ile ni mali ya serikali. Hapana gusa."

Alisema kwa mzaha, lakini hakuondoka mpaka nilipoondoka mimi.

Bwana wa barabara: haipokelewi.

25 Oktoba

Tumegombana. Naandika yote ili nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilikuwa mpole.

Nilimkuta anafukia ufa. Ufa unapita sambamba na lami, ndani kidogo ya pale magurudumu ya malori yanapokaa, mkono wangu unaingia. Zam alikuwa anamwagia majivu na magunzi ya mahindi, anakanyagia kwa kandambili, kama mtu anayefunika tundu la panya.

"Unafanya nini, Zam?"

"Nafagia."

Nikamwambia sifumbi macho tena. Ahame leo, vitu vyake nitabeba mimi na wanafunzi wangu. Akasema wanafunzi wangu waje wanywe chai. Nikamwambia ataua watu. Akasimama wima. Zam ni mrefu, ana mabega ya Baba.

"Wewe nakula mushahara ya serikali," alisema. "Mimi nakula lori. Lori ikipita, mimi nalala njaa. Wewe utakuja na Swahili yako safi, utapika hiyo?"

"Nitakulisha mimi."

"Mimi ndiyo nililisha wewe. Chuo yako Kenya, nani aliuza muhogo? Leo unakuja simama hapa, unasema hapana hii, hapana hii. Kama Baba tu. Tena Baba alikuwa na haki, alikuwa na bunduki."

Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nililisema polepole, kwa matamshi yangu ya darasani, kila silabi mahali pake.

Akakung'uta majivu mikononi. Akaniletea chai. Nikaiacha.

29 Oktoba

Mvua. Sijaenda kwake.

1 Novemba

Mvua. Sijaenda. Kutoka dirisha la shule naona malori matatu ukingoni, na moshi wa jiko lake. Nafsi yangu inasema nenda, na kiburi kinasema aje yeye, yeye ndiye mkosa. Yeye ndiye mkubwa, sijui nani kati yetu anapaswa kumwendea mwenzake. Baba angejua, lakini Baba angetuchapa wote wawili.

4 Novemba

Mitihani ya darasa la saba. Nasimamia. Kiswahili hakimo kwenye mtihani, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili ndiye anayetembea kati ya madawati.

6 Novemba

Nitaandika kama nilivyoambiwa, maana sikuwepo.

Mvua ilikata asubuhi na jua likatoka kali. Lori la saruji likasimama. Dereva ni mtu wa Korogwe, huko Tanga, anaitwa Shekue, mara yake ya kwanza kupita njia hii. Celestina alikuwa karibu akasikia kila kitu.

"Mama, kibao kimesema nisimame, nimesimama," alisema. "Kuna ukaguzi?"

"Iko ukaguzi ya chai," Zam akamjibu.

Celestina anasema dereva alicheka sana, na Zam alifurahi kwa vile mtu alimsemesha Kiswahili kama changu bila kumsahihisha. Akambebea benchi lile jipya akaliweka kwenye kivuli cha lori, upande wa korongo, kwa sababu jua lilikuwa upande wa lami. Akaleta chupa ya chai na vikombe. Shekue akasema, "Ngoja kidogo, mama, nikanunue vocha hapo ng'ambo." Akavuka kwa Shafiki. Zam akakaa kumngojea kabla ya kumimina, ili chai isipoe.

Sisi darasani tulisikia kitu kama mlango mkubwa unaofungwa. Watoto waliinua vichwa. Nikawaambia waandike.

Niliwaambia waandike. Nilizunguka madawati mara moja zaidi, ndipo nikaanza kusikia watu wanapiga kelele, na jina la dada yangu ndani ya kelele hizo.

Nilipofika hapakuwa na lori, hapakuwa na hoteli isipokuwa nguzo mbili na bati linaloning'inia. Vumbi la saruji lilikuwa linapanda kutoka korongoni, jeupe. Shekue alikuwa amekaa katikati ya lami, vocha mkononi, akirudia kwamba kibao kilisema simama. Watu walimpita wakikimbia. Shafiki alikuwa ameshavua kanzu, amejifunga kamba ya ng'ombe kiunoni, anateremka. Wa kwanza ni yeye. Loro na wanaume wengine walishika kamba juu. Alikaa huko chini muda ambao sikujua mtu anaweza kuungoja.

Wakampandisha Zam akiwa amefungwa kwenye benchi. Halikuvunjika. Walimfunga kwa leso ya Celestina na kamba, wakamvuta taratibu, na Shafiki akapanda nyuma yake akisukuma kwa bega, mweupe wote kwa saruji, haonekani uso.

Tumemleta kwangu. Nimemwosha mimi na Celestina. Saruji ilishaanza kushika nywele zake, ikatubidi kuosha tena na tena kwa maji ya vuguvugu. Uso wake haukuwa na kitu. Alikuwa na tangawizi kwenye kucha.

7 Novemba

Tumemzika. Kisha wanawake walitoa nje kila kilichopata tope. Celestina aliligeuza benchi alimwagie maji kwa chini, akaacha ndoo.

Nilitoka kuona kwa nini maji yamekoma. Upande wa chini wa ubao wa kukalia ulikuwa umetazama juu, na tope likichuruzika niliziona herufi za Loro, nyeusi, nyembamba. HAPANA. Misumari ilipigwa pande mbili, juu ya herufi ya kwanza na juu ya herufi ya mwisho.

Celestina hakunitazama. Alijua. Wote walijua.

Nilikalia neno hilo. Nilikalia, nikanywa chai, nikamtukana mtu mwingine, na yeye akaniongezea sukari.

14 Novemba

Nimekwenda kwa Shafiki. Sikujua naenda kuomba msamaha au kupigana. Alikuwa anapanga sabuni. Sijui mtu huyu ana sabuni ngapi.

"Ulimwona aking'oa?"

"Niliona."

"Nikakutukana, ukanyamaza."

"Ile ni dada yako, Mwalimu. Mbele ya watu mimi ningesema nini?"

"Ungesema ni yeye. Ningemzuia."

Akaacha sabuni. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni saruji bado. "Alikuja kwangu asubuhi ile ile," alisema. "Alisema, Shafiki, hapana ambia Hawah. Atanidharau. Hiyo tu. Korongo hapana ogopa. Wewe ndiyo aliogopa."

Aliniita Hawah kwa mtu mwingine. Na Shafiki alisema korongo, mara yake ya kwanza, labda kwa heshima yangu. Sijui nimshukuru kwa kumtunzia dada yangu siri au nimlaani kwa siri hiyo. Kwa sasa nafanya yote mawili. Niliyemwona mwizi ndiye aliyeteremka shimoni, na niliyekuwa sahihi kuhusu neno nilikuwa darasani nawaambia watoto waandike. Kuwa sahihi hakujazi hata kikombe.

15 Novemba

Simu imepigwa na bwana wa barabara mwenyewe. Anauliza kama nilikuwa namtafuta.

21 Novemba

Mvua zimepungua. Benchi liko chumbani kwangu. Silikalii.

Mabasi yanapunguza mwendo pale, abiria wanatoa vichwa madirishani kuona. SIMAMA bado iko juu ya nguzo. Saruji ya Loro ndiyo pekee iliyoshika vizuri katika kijiji hiki. Leo nimemsikia konda akiita, "Simama, Simama, nani nabaki Simama?" Na mama mmoja akajibu kwamba anabaki, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kuku wake.

Nimewaambia wanafunzi wangu mahali hapa panaitwa Kwa Zam. Wameandika. Nje ya darasa wanasema Simama.

2 Desemba

Watu wa barabara wamekuja na ukuta wa mawe katika waya, na wamepiga kibao kipya cha chuma, cha buluu, chenye jina la senta, hiki kijiji chetu cha maduka. Waliuliza jina wakaambiwa. Kimeandikwa SIMAMA kwa herufi safi, nyeupe, zilizolingana. Nimekikagua kwa macho ya mwalimu. Hakina kosa.

5 Desemba

Shule zimefungwa. Nilikuwa Koboko kupeleka ripoti, nikachukua bodaboda kurudi. Kijana wa pikipiki aliuliza wapi.

"Kwa Zam," nikasema.

"Kwa Zam iko wapi, mama?"

"Njia ya Arua. Pale kwenye korongo."

"Hapana jua."

"Kwa shimo."

Bado alifikiri. Mwenzake kwenye kijiwe akamcheka. "Mama nasema Simama. Si pale mwanamke ya chai alianguka?"

"Ah, Simama," kijana wangu akasema, akawasha pikipiki. "Mama, wewe sema tu Simama, kila mutu najua."

Sikumsahihisha. Njiani hakukuwa na mvua, na vumbi la kiangazi limeanza kuinuka nyuma ya malori. Tulipita Kona Mbaya Ingine, tukapita Kona Mbaya yenyewe. Ukuta ulipoonekana, na bati la buluu juu yake, kijana alipunguza mwendo akageuza kichwa aniulize nashukia wapi hasa. Tulikuwa mbele ya zile nguzo mbili za hoteli.

Nikamwambia simama.